Pini za Elfu Sita

Wasee, leo naongelea kitu kidogo kuliko kucha ya mtoto, lakini kimenigharimu mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu sikukinunua. Mara ya pili kwa sababu nilikinunua.

Ni zile pini za umeme nyuma ya lenzi. Chukua lenzi ya Nikon ya miaka ya tisini, igeuze, angalia pale inaposhikana na kamera. Utaona pini ndogo zimejipanga pamoja, zinang'aa kama dhahabu. Sasa chukua lenzi ya miaka ya sabini. Chuma tupu. Hakuna pini, hakuna chipu, hakuna mazungumzo yoyote ya umeme kati yake na kamera. Na ukienda tao kuuliza bei, hizo pini ndizo mwenye duka atakuonyesha kwanza.

"Boss, hii iko na chipu. Hiyo ingine ni ya kizamani."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa mimi. Nilikuwa na Nikon D3200 ya mtumba na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nilitaka 50mm ya f/1.8 ndio nipate ile picha ambayo sura ya mtu imekaa fiti na nyuma yake kila kitu kimeyeyuka. Kwa kaunta kulikuwa na mbili. Ya kwanza AI-S, haina pini, 8,000. Ya pili AF-D, iko na pini, 14,000. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba ndani zinafanana sana, zote zina vioo sita katika vikundi vitano. Nilijua pia kwamba AF-D haitafokasi yenyewe kwa D3200, kwa sababu lenzi hizo zinazungushwa na mota iliyo ndani ya kamera, na D3200 haina hiyo mota. Kwa hivyo zote mbili ningezungusha kwa mkono. Sasa 6,000 zaidi ni za nini? Za kung'aa?

Nikachukua ya 8,000. Nikatoka hapo nikijiona mjanja sana.

Kabla sijawaambia kilichotokea, wacha tuelewane kuhusu kazi ya hizo pini, kwa sababu wauzaji wengi wanaziuza kama uchawi. Nikon walianza na mlango wao wa lenzi, ule wa F, mwaka wa 1959, na hawakuubadilisha umbo. Ndio maana lenzi iliyotengenezwa baba yako akiwa shule ya msingi bado inaingia kwa D3200. Mwaka wa 1977 wakaleta AI, ambapo ukingo wa pete ya lenzi unasukuma kakitu kadogo kwa kamera, na kamera inajua umefungua tundu la lenzi kiasi gani. Chuma kwa chuma, bila umeme. Halafu 1986, pamoja na kamera ya F-501, zikaja lenzi zenye chipu na pini. Chipu inaiambia kamera mambo machache: mimi ni milimita ngapi, tundu langu kubwa kabisa ni lipi, na kwa zile za D, kitu unachopiga kiko umbali gani.

Ni hayo tu. Pini hazifanyi picha iwe kali. Hazibadilishi rangi. Hata kale kadoti ka kijani kanakokuambia fokasi imekubali kanafanya kazi kwa D3200 bila pini, bora lenzi yako isiwe na tundu dogo kuliko f/5.6. Kwa hivyo mtu akikuambia chipu itakusaidia kufokasi kwa hiyo kamera, muombe akuonyeshe hapo hapo. Utamuona akianza kutafuta chaja.

Shida ni hii. Kamera za bei nafuu za Nikon, familia ya D3000 na ile ya D5000, hazina kale kakitu ka 1977. Walikatoa kupunguza gharama. Kwa hivyo lenzi isiyo na pini ikiingia kwa D3200, kamera haioni chochote, si kwa umeme, si kwa chuma. Inakataa kupiga mpaka uweke M. Na ukishaweka M, kipima mwanga kinazimika. Kabisa. Unabaki wewe, jua, na imani yako.

Nyumbani hii si shida. Nilipiga kikombe cha chai, nikapiga paka wa jirani, nikapiga ndugu yangu mdogo akiosha viatu. Unapiga moja, unaangalia skrini, imeungua, unapunguza, unapiga tena. Nikajifunza ile hesabu ya zamani ya jua: saa sita mchana, anga safi, ISO 100, weka f/16 na shata 1/100, ukifungua mpaka f/8, panda hadi 1/400. Manze, nilijiona fundi. Nilianza hata kudharau watu wanaotegemea kipima mwanga.

Halafu nikapata kazi ya ruracio, Murang'a.

Kama hujawahi kuenda, ruracio si kitu cha kupanga mwanga. Watu wanaimba wakiingia getini, wazee wana mambo yao kando, akina mama wana mambo yao jikoni, na ukiuliza programu unaambiwa subiri. Malipo yalikuwa 15,000. Nilikuwa na ile 18-55 kwa begi, lakini nilienda na 50mm kichwani, kwa sababu nilitaka kuonekana si wale wa kila siku. Asubuhi ilienda poa. Nje jua lilikuwa moja tu, nimeliwekea namba zangu, basi.

Kisha ikafika ile sehemu mnaijua, wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwa hadi miguu, wanapangwa mstari, na bwana anaambiwa achague wake. Waliwapitisha kutoka kwa hema jeupe hadi uwanjani. Ndani ya hema nilikuwa nimeshuka shata na kufungua tundu. Umati ukasogea, nikasogea nao, macho yangu kwa leso, si kwa namba. Jamaa akazunguka, akajifanya kuchanganyikiwa, watu wakacheka, akashika leso ya tatu akaivuta. Yule dada akatoka akicheka huku anafuta machozi. Vigelegele juu. Nilipiga picha saba.

Zote saba nyeupe. Sio nyeupe ya kurekebisha kwa kompyuta, nyeupe ya karatasi. Kutoka hema hadi jua, mwanga ulipanda kama mara nane, na kamera yangu haikuwa na njia ya kunipigia hata kelele kidogo. Kipima mwanga kingekuwa hai, ningeona kile kimstari kikikimbia upande mmoja. Nusu sekunde tu ya kuzungusha gurudumu.

Nilijaribu kuwaomba warudie. Mama ya bibi arusi aliniangalia kwa upole, akaniambia, "Kijana wangu, hiyo haifanywi mara mbili." Nilirudisha 5,000 bila kuulizwa. Na huyo dada hajawahi kuniambia neno baya, jambo ambalo linaniuma zaidi.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa lile duka na kununua AF-D. Bado ilikuwa 14,000. Mwenye duka hakunicheka, lakini nadhani alitaka.

Na hapa ndipo ningeishia kama ningekuwa nauza lenzi. Nunua yenye pini, usiwe kama mimi, asanteni. Lakini nilikaa na hiyo AF-D miezi kadhaa na nikaanza kuona upande mwingine, kwa sababu kazi yangu nyingi si ruracio. Ni video. Mama mboga, fundi wa pikipiki, mzee wa kunyoa pale stendi, hizo stori zangu za dakika tatu ambazo mnazijua.

Kwa video, lenzi yenye pini ilinikosesha raha. Pete yake ya fokasi ni nyepesi, inazunguka kidogo tu, imeundwa kuzungushwa na mota. Ukiigusa, fokasi inaruka. Ile AI-S inazunguka pole pole, nzito kidogo, kama kifuniko cha chupa ya asali. Unaweza kumfuata mtu akikukaribia na asipotee. Halafu kuna tundu. Kwa D3200, ukiwa umeshaingia kwa video na lenzi yenye pini, kamera haikuruhusu kubadilisha tundu. Lazima utoke, ubadilishe, urudi. AF-D yenyewe iko na pete ya tundu, lakini ukiigusa tu ikitoka kwa f/22, kamera inaandika FEE na inagoma kupiga. Yaani pete iko, unaiona, umeilipia, na huruhusiwi kuitumia! Kwa lenzi isiyo na pini, pete ni yako. Wingu likipita, unafungua kidogo kwa kidole huku kamera inaendelea kurekodi. Na mwanga unauona kwa skrini, kwa hivyo kipima mwanga si lazima.

Kuna watu wanabandika utepe juu ya pini za AF-D ili kamera isizione, ndio warudishiwe pete. Fikiria hiyo. Mtu amelipa zaidi apate pini, halafu analipa utepe kuzifunika. Mimi pia nimefanya. Sijivunii.

Basi msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu watanikujia juu. Hizo 6,000 hazinunui picha nzuri. Zinanunua muda. Kwa hivyo swali si lenzi, ni saa ya nani inayohesabika. Ukipiga kitu kinachokusubiri, au kitu ambacho unaweza kurudia kesho, na hasa ukipiga video, usilipe. Chukua ya chuma, weka 6,000 kwa maikrofoni, kwa sababu watu watavumilia picha yenye giza kidogo lakini sauti mbaya wanaenda. Ukilipwa kupiga picha za watu ambao hawakusubiri, na kamera yako ni kipofu kama D3200, lipa. Lipa hata kama inauma.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba huu ni uvivu, ati mpiga picha wa kweli anasoma mwanga kwa macho. Wazee wetu walipiga harusi na kamera za chuma na filamu, na albamu ziko kabatini mpaka leo. Ni kweli. Lakini kamera nyingi za wakati huo zilikuwa na kipima mwanga ndani, na wengine walibeba cha mkononi. D3200 na lenzi ya chuma ni ngumu kuliko walivyokuwa nacho! Halafu filamu ya negativu ilisamehe ukizidisha mwanga, bado ungepata kitu. Kadi yangu haikusamehe.

Sasa, kuna njia ya tatu, na hii ndiyo ningetaka mtu angeniambia kabla sijalipia lenzi mbili. Kabla ya kulipia pini kwa lenzi, angalia bodi. Nikon D7000, kamera ya 2010, siku hizi mtumba si ghali, bado iko na kale kakitu ka 1977. Unaingia kwa menyu, unaandika lenzi yako ni milimita 50, tundu lake kubwa ni f/1.8, inakumbuka lenzi mpaka tisa. Baada ya hapo kipima mwanga kinafanya kazi kama kawaida, unaweza kutumia A, na hata habari za picha zinaandikwa kwa faili. Ile lenzi yangu ya 8,000 ingekuwa imefunguka macho. Ukiwa na lenzi tatu au nne za chuma ulizorithi kwa mjomba, kubadilisha bodi ni rahisi kuliko kubadilisha lenzi zote. Ila usidanganywe na namba kubwa: D7500 ya 2017 ni mpya kuliko D7000 na Nikon walikatoa hako kakitu. Na lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazikubadilishwa, usizilazimishe kwa D7000, zinaweza kuvunja hako kakitu. Kwa D3200 zinaingia bila shida, kwa sababu hakuna cha kuvunja. Maskini ana bahati zake.

Ukiwa na D7000, hiyo AF-D pia itafokasi yenyewe, kwa sababu mota iko. Hapo unaweza kuona 6,000 ni sawa. Lakini jua unacholipia hapo ni kile kibisibisi cha mota, si pini.

Watu wa Canon, kwenu hesabu ni tofauti kabisa. Tangu 1987 lenzi za EF zinafungua na kufunga tundu kwa umeme pekee. Hakuna pete, hakuna chuma. Pini zikifa, tundu haliguswi. Kwa hivyo ukiona lenzi ya EF inauzwa rahisi kwa sababu "pini ziko na shida kidogo", wacha ikae hapo. Lakini mkinunua adapta ya kuweka lenzi za Kirusi za kuzungusha, zile za M42 kama Helios 44-2, kuna adapta ya kawaida na kuna yenye chipu iliyobandikwa kwa gundi. Kamera ya Canon inapima mwanga kwa Av hata bila hiyo chipu. Chipu inakupa mlio wa fokasi na namba kwa faili, na mara nyingi namba zenyewe ni za uongo, inasema 50mm na wewe una 58mm. Na gundi ya kichina na joto la ndani ya gari, si unajua. Hiyo usilipie, isipokuwa macho yako yanahitaji huo mlio.

Na nyinyi wa Sony na hizo kamera zingine zisizo na kioo, nyinyi mnaona mwanga kwa skrini kabla ya kupiga, kwa hivyo yale yaliyonipata Murang'a yangewapata kwa shida sana. Adapta ya chuma inatosha. Ruhusu tu kamera ipige bila lenzi kwa menyu, la sivyo itawagomea mdhani imeharibika. Jambo moja: kama bodi yako inatuliza mtikisiko yenyewe, kama A7 II, lazima uiambie kwa mkono lenzi ni milimita ngapi. Rafiki yangu alitoka kwa 135mm akaweka 28mm, akasahau kubadilisha, na interviu nzima inayumba kama iko kwa boti ya Likoni. Pini zingemsaidia hapo. Pia kukumbuka kungemsaidia.

Zeiss nao waliwahi kutupa mtihani safi kabisa. Walitengeneza lenzi za mkono kwa mlango wa Nikon, zinaitwa ZF, bila pini. Baadaye wakaleta ZF.2, vioo ni vile vile, fokasi ni ya mkono vile vile, wameongeza pini tu. Mtumba, ZF kwa kawaida huwa rahisi. Kama una bodi inayosoma lenzi za chuma, sioni kwa nini uongeze hata shilingi. Lakini mimi sijafika bei za Zeiss, kwa hivyo hapo naongea kama mtu anayekuambia Mercedes gani ununue akiwa kwa matatu.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya binamu yangu. Amemaliza chuo Eldoret, ameanza kupiga picha za graduesheni na za makanisa, na ameniandikia ati ameona 50mm mbili kwa duka, moja na pini, moja bila, anunue gani. Ana D3300. Hakujua hii stori ya ruracio, sikuwahi kumwambia.

Nilimuuliza mambo mawili tu, wateja wake wanasimama au wanatembea, na kama amewahi kupiga video. Akasema wanatembea, na video hajagusa. Nikamwambia achukue yenye pini, aifunge pete kwa f/22 na aache kuigusa.

Halafu nikamwambia akija Nairobi nitampatia ile AI-S yangu akae nayo mwezi mmoja, kwa paka na vikombe vya chai. Amekubali. Ameuliza kama nitamdai. Bado sijamjibu.